Chumvi ya Kuanzia

Kwetu chakula hakianzi na chakula. Kinaanza na maji, halafu chumvi. Mtu mmoja huzunguka na birika na beseni, anakumiminia maji mikononi hapohapo ulipokaa, nawe ukishajifuta unangoja. Katikati ya kitambaa kilichotandikwa sakafuni pana kigoda cha chuma, na juu yake sinia kubwa la duara, bado tupu. Hapo ndipo kibakuli cha chumvi kinapopita. Kila mtu anachovya ncha ya kidole, anataja jina la Mungu, analamba. Baada ya hapo kinakuja kitu kitamu, kisha chakula chenyewe, na sote tunakula katika sinia lilelile, kila mtu na upande wake. Mwisho chumvi inapita tena. Hivyo ndivyo sisi Mabohora tunavyokula tangu enzi za babu zetu waliotoka Gujarati. Ndivyo tulivyokula ghorofani mjini, na siku tuliyohamia Tegeta mama alilipakata lile sinia garini njia nzima, hakutaka lipande lori pamoja na makabati.

Kazi ya kupitisha chumvi ni ya mdogo wa nyumba. Kwetu mdogo ni mimi. Nina mvi sasa na bado ni mdogo. Sikuolewa, kaka yangu alioa, wifi akaja, lakini wifi naye kanizidi umri, basi kibakuli kikabaki mkononi mwangu. Zamani nilikuwa naona ni uonevu. Baadaye nikaja kuipenda ile kazi, kwa sababu anayepitisha chumvi huwa wa mwisho kukaa, na kwa dakika ile ya kusimama nilikuwa nawaona wote kwa juu, vichwa vimeinama, mikono imenyooshwa, jua la saa saba likiingia kwenye wavu wa dirisha na kumwagika juu ya sinia.

Nimekulia kwenye mikono ya watu. Nikifumba macho sikumbuki sana sura za utotoni, nakumbuka mikono inayokutana kwenye wali. Mkono wa kaka ulikuwa mvamizi, ukianza upande wake unamalizia upande wako. Wa mama ulikuwa hauli, unasukuma tu minofu kuelekea kwa wengine. Wa baba ulikuwa mzito, umekomazwa na mabomba na misumari ya dukani kwake Ubungo, lakini kwenye sinia ulikuwa mpole ajabu. Alikuwa akila upande wake kwa mstari, akiusogeza mpaka wake taratibu, na alipomaliza pale palikuwa pamesafishika, hapakubaki hata punje. Chumvi ya kuanzia alikuwa anaichukua akiwa amefumba macho.

Mama yangu anaogopa vijidudu kuliko wezi. Maji ya kunywa kwake ni lazima yachemke mpaka kifuniko kigongegonge, yapoe, yachujwe, ndipo yaingie mtungini. Kotmiri inaoshwa na kuoshwa tena mpaka maji yatoke yalivyoingia. Maziwa yakipanda mara moja hayajamridhisha. Umeme ukikatika anasimama mbele ya friji kama mlinzi wa benki, na ole wako uguse ule mlango. Wali uliolala haugusi sinia mpaka ufuke moshi mpaka katikati, anauchimba kwa kijiko kuhakikisha. Tulikuwa tunamcheka, lakini sikumbuki mtu wa nyumba ile aliyewahi kuugua tumbo kwa chakula cha mama, na yeye alikuwa akilijua hilo na kulivaa kama kito.

Ndiyo maana baba alipoanza kuvimba miguu, mama alichukulia kama tusi. Baba alikuwa na presha ya siku nyingi, ile ya kumeza kidonge na kusahau. Asubuhi moja viatu vikakataa kuingia. Akaviweka chini, akavitazama, akajaribu tena. Mwishowe akaenda dukani na malapa, mtu ambaye hajawahi kuonekana barabarani bila soksi. Kaka akampeleka hospitali, akapimwa damu na mkojo, na waliporudi kaka akasimama uani na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba ni figo. Zimechoka. Daktari amesema chumvi ipungue sana, kwa sababu tukicheza zitaishiwa nguvu kabisa na baba atakuwa mtu wa kulazwa kwenye mashine, damu yake ikitolewa, ikioshwa, ikirudishwa, maisha yake yote yaliyobaki.

Mama akauliza swali moja tu.

"Imeingilia wapi?"

Alikuwa anawaza mdudu. Alikuwa anatafuta ufa.

Nikisema tulishtuka nitakuwa nimepunguza. Mimi hasira zangu ziko karibu siku zote, na hofu ikinipata inatoka kwa mlango wa hasira. Siku ile niligombana na wifi kwa ajili ya sufuria, nikagombana na muuza maji, nikagombana na kuku wa jirani. Kaka yeye akihofu anakuwa meneja. Jioni hiyohiyo alikuwa ameshapanga kila kitu. Grupu la familia kwenye simu lilikuwa limejaa madaktari wa kujitegemea, shangazi na wajomba kutoka kila pembe, na kaka alikuwa amewasoma wote.

"Bawaji atapikiwa chake," akasema. Bawaji ndivyo tunavyomwita baba. "Atakula mezani, kwenye sahani yake. Sie tutaendelea huku chini. Na ile ishu ya kulamba chumvi iishe, hiyo ndiyo sumu yenyewe."

Hakuna aliyebisha. Mimi mbishi wa kuzaliwa sikubisha. Chumvi ni chumvi, na ile ya kibakulini ndiyo tuliyokuwa tukiiona kwa macho, nyeupe, mbichi, ikiingia mdomoni mwa baba mara mbili kila mlo. Mama akakichukua kibakuli akakipandisha juu ya kabati, nyuma ya ndoo za unga. Baba alimtazama tu akikipandisha.

Meza tulikuwa nayo, meza ya watu sita tuliyoinunua kwa kuwa kila nyumba mpya ya Tegeta ina meza. Siku zote ilikuwa ya kuwekea nguo zilizopigwa pasi. Wifi akaipangusa, akaweka sahani moja, kijiko kimoja, glasi moja. Baba akavuta kiti akakaa. Chini yetu kitambaa kikatandikwa, birika likazunguka, na kwa kuwa chumvi haikuwepo tena sikuwa na la kufanya, nikakaa mapema kama mgeni.

Kwenye sinia la watu watano, wanne wakikaa panabaki pengo. Tulijaribu kusogeleana, lakini kila mtu alikuwa na upande wake wa miaka yote, na mkono hauhami kwa kuambiwa. Upande wa baba wali ulikuwa unabaki umesimama pale kama kichuguu, mpaka kaka auvamie bila raha. Nikiinua macho nilikuwa sioni tena mkono wake. Kutoka pale sakafuni, chini ya meza, nilikuwa naona miguu yake. Iliyovimba, imewekwa sambamba, imetulia kama ya mtoto aliyeambiwa akae vizuri.

Chakula chake kilikuwa boga la kuchemsha, kuku wa kuchemsha, wali mweupe. Alikuwa anakula vijiko vichache, anashukuru, anasogeza sahani. Hakulalamika hata siku moja. Ningependa angelalamika. Kanzu zikaanza kumning'inia mabegani, na mchana nikirudi kutoka kazini nilikuwa namkuta kibarazani amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mwanga wa majani ya mpapai ukitembea usoni mwake, nami nilikuwa nasimama getini bila kuingia mpaka nione kifua kinapanda.

Kumbukumbu za wiki zile hazina kona. Zote zimekaa katika mchana mmoja mrefu, feni inazunguka, mtu anafyatua tofali mahali kwenye nyumba zinazojengwa, mama jikoni anaongea na masufuria. Ndani ya mchana huo baba anapungua na sisi tunamwangalia akipungua, na kila mtu anaamini kwamba anafanya jambo la maana.

Mama ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Mume wake halii, hacheki, hali. Siku moja akamkaangia papadi moja, kile kichapati chembamba kikavu, pembeni ya sahani. Baba akaivunja, ile sauti ya kuvunjika ikatufikia hata sisi wa chini, akala, na boga nalo likashuka. Mama alikuwa na furaha iliyoonekana mpaka kwenye mtandio. Kesho yake papadi mbili. Kesho kutwa papadi na kijiko cha achari ya embe, ile anayoitengeneza mwenyewe na kuianika juani kwenye paa la jikoni. "Ya kumfungulia njaa tu," akasema. Baba akaanza kumaliza sahani. Tukapumua. Kaka akaandika kwenye grupu kwamba Bawaji anaendelea vizuri, yakarudi maua na mikono ya dua.

Miguu ikazidi. Ikapanda mpaka magotini, ukibonyeza kidole shimo linabaki.

Safari hii tulikwenda sote watatu, mimi, mama na baba. Daktari alikuwa mama wa makamo, mtu wa Mbeya kwa lafudhi yake, mtaratibu, anayeandika kwa mkono wakati kompyuta iko mbele yake. Akamwamkia baba shikamoo, akambonyeza miguu, akapima presha, akapima tena.

"Mzee wangu, chumvi tuliiacha?"

"Kabisa!" mama akadakia. "Daktari, hata ile ya kulamba tumeificha. Sisi tuna mila, tunaanza chakula na chumvi kwenye kidole. Nimeiweka juu ya kabati, haioni kabisa."

"Kwenye kidole kiasi gani?"

Mama akamwonyesha. Akachovya hewa kwa ncha ya kidole cha shahada.

Daktari akatabasamu. "Na pembeni anakula nini mama? Vya kuchangamshia mdomo."

"Hakuna. Papadi tu. Na achari kidogo."

Kalamu ikawekwa mezani. Sikumbuki maneno yote aliyosema baada ya hapo, kwa sababu nilikuwa namtazama mama. Daktari alieleza polepole, bila kutusuta, kwamba achari ni embe lililolala ndani ya chumvi, na papadi ni unga na chumvi na magadi, na kwamba hata kabla ya hayo, miaka yote, ugonjwa ulikuwa unakaa kwenye sufuria la kila siku, kwenye mchuzi, kwenye wali, kwenye korosho na chevdo za jioni, ule mchanganyiko wetu wa vitafunwa vya kukaanga. Hata ile chumvi ya bandia ambayo kaka alikuwa ameiulizia dukani akaikataza, haifai kwa figo kama zile. Ile ya kidole, akasema, chembe zile, hazikuwa na uzito wa kumvimbisha mtu namna hiyo.

"Kama chakula chenyewe hakina chumvi, hiyo ya kidole mwachieni mzee."

Mama alikuwa amekunja mikono juu ya mkoba. Maisha yake yote alikuwa amemsaka adui kwenye maji machafu na kwenye majani yasiyooshwa, na adui alikuwa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, nyeupe, kavu, safi kuliko kitu chochote jikoni mwake. Imeingilia wapi? Imeingilia mkononi mwake. Hilo hakulisema yeye na sikulisema mimi, lakini lilikaa nasi kwenye gari barabara nzima ya Bagamoyo, foleni imesimama, baba kasinzia mbele na mkanda umemkaba shingo. Nilimpenda mama dakika ile kuliko siku yoyote, nikashindwa kumwambia, nikawapigia honi watu wasio na kosa.

Tulipofika getini akasema, "Meza irudishiwe nguo."

"Mama, daktari amesema chakula chake kiwe…"

"Nimesikia alichosema. Kwani mie kiziwi? Hatumtoi baba yenu kwenye sinia. Sinia ndilo litakalomfuata yeye."

Kesho yake mchana kitambaa kikatandikwa, na mama akapanda kwenye stuli mwenyewe na kukishusha kibakuli nyuma ya ndoo za unga. Akakifuta kwa aproni. Akanipa. Baba alishuka sakafuni kwa shida, kaka akimshika kwapa, akaegemezwa mto. Nilipiga goti mbele yake na kibakuli, nimekishika kwa mikono miwili kana kwamba sikuwahi kuifanya kazi ile. Akafumba macho. Akachovya. Mkono ulikuwa umekonda mpaka pete inazunguka.

Halafu tukaonja chakula, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Mama hakuwa ametia hata punje moja ya chumvi kwenye kitu chochote, kwa mtu yeyote. Mchuzi ulikuwa na rangi zote za mchuzi na ladha ya maji ya mvua. Wifi alitafuna akiangalia dari. Kaka akaweka tonge mdomoni, akalizungusha, akalimeza kama kidonge.

"Mama, sie hatuumwi."

"Bado," mama akasema.

Kaka alijikaza siku chache, kisha akaanza kurudi nyumbani na harufu ya chips na mishkaki kwenye shati. Tulijua wote. Mimi nilimwambia wazi kwamba mwanaume mzima anayejificha kula mishkaki nyuma ya gari ni wa kuhurumiwa, tukanuniana. Lakini mama hakumgombeza. Alikuwa na kazi kubwa zaidi. Alikuwa anajifunza kupika upya akiwa bibi wa miaka sabini, na jikoni kukawa na harufu nisizozijua. Bizari nyembamba akawa anaikaanga kavu mpaka inakaribia kuungua. Kitunguu akakiacha mpaka kiwe cheusi na kitamu. Tangawizi, thomu, majani ya mchuzi yakirukaruka kwenye mafuta, embe bichi likikunwa juu ya dengu dakika ya mwisho, ndimu ikikamuliwa kwenye sinia na sio jikoni. Alikuwa anaonja, anakunja uso, anaanza tena. Papadi ziliondoka nyumbani. Achari alimpa jirani, mwalimu kutoka Njombe, akamwonya ale kidogo.

Sijui ni lini hasa ulimi wetu uligeuka. Hakukuwa na siku yake. Nakumbuka tu mchana mmoja wa mvua, umeme umekatika, chumba cha kijivu, na mama ameleta kichri, ule wali uliopikwa pamoja na dengu mpaka ukalainika, mvuke unapanda katikati yetu na nyuso zimefifia ndani yake, nami nikasikia utamu wa dengu. Dengu yenyewe. Nilikuwa nimeila maisha yangu yote na sikuwa nimeisikia. Nikamtazama kaka ng'ambo ya mvuke, mkono wake ulikuwa umeshaingia upande wangu. Baba alikuwa anaupangusa mpaka wake kwa mstari.

Miguu yake ikarudi kuwa miguu. Daktari akasema figo hazitarudi zilivyokuwa, kilichochoka kimechoka, lakini zimesimama palepale, haziendelei kushuka, na hilo si jambo dogo. Baba alivaa soksi siku ile tulipotoka hospitali na kutuzungusha mtaa mzima kwa miguu bila sababu yoyote.

Mwaka huu tulialikwa harusi mjini, ya watu wa kwetu, karamu ya mchana. Tulivaa tukang'aa. Ukumbini wanaume wanakaa upande wao na wanawake upande wao, wanane kwa sinia, kwa hiyo kaka na baba wakapotelea kule na sisi watatu tukakaa huku na bibi harusi. Maji yakapita, chumvi ikapita, maandazi ya harusi yakapita, na halafu ikaja biriani ambayo mji mzima ulikuwa unaisifia. Nikatia tonge. Macho yakanitoka. Nikamtazama mama, naye alikuwa ameshika shavu kama mwenye jino bovu. Wifi akanong'ona, "Hii imemwagikiwa chumvi?" Wenzetu kwenye sinia walikuwa wanakula kwa raha zao. Tulijidai tumeshiba, tukawasukumia wao, na nashukuru walikuwa na nafasi tumboni, kwa maana kwetu kubakiza ni aibu.

Tulikutana na wanaume mlangoni, kwenye viatu.

"Mmekula?" mama akauliza.

Baba akatikisa kichwa. Kaka alikuwa amekunywa maji chupa nzima, mdomo umempauka. Yeye, mla mishkaki, ndiye aliyesema, "Mama, kichri ya jana ipo?"

Tulicheka mpaka mlinzi wa viatu akatugeukia. Tukapanda gari na dhahabu zetu na njaa zetu, tukarudi Tegeta jua likiwa bado liko juu. Mama hakubadilisha hata nguo. Aliitoa kichri kwenye friji, akaichemsha mpaka ikafuka, akaichimba kwa kijiko kuhakikisha, bangili zikigonga sufuria. Kaka akatandika kitambaa. Wifi akazungusha birika. Mimi nikachukua kibakuli, nikapiga goti mbele ya baba.

Hakuchovya. Alikaa ameutazama ule wali katikati ya sinia, na sisi wote tumekaa kila mtu upande wake.

"Siku zile mliponiweka mezani," akasema.

Mama akasema yameshapita, ale.

"Nilidhani mnajizoesha."

"Kujizoesha nini, Bawaji?" kaka akauliza.

"Kukaa bila mie."

Feni ilikuwa inazunguka. Kaka aliinamisha kichwa na mabega yakaanza kumcheza, na mama akanyoosha mkono wake usiokula, akausukuma wali ulio laini zaidi, wote, kuelekea upande wa baba. Mimi nilikuwa bado nimepiga goti na kibakuli. Baba akafumba macho, akachovya ncha ya kidole, akataja jina la Mungu. Halafu nikampitishia mama, kisha kaka, kisha wifi, nikakaa mahali pangu, tukala.